Walioitikia Mwano Wangu

Mama wenzangu, naandika haya ili lisiwapate lililonipata mimi. Simaanishi nyoka. Nyoka ni wa Mungu, akitaka kuuma atauma. Naonya juu ya woga. Woga wa mama ni kitu kizuri, ndio unaofunika watoto wakati wa baridi, lakini siku nyingine woga huohuo unakushika mkono na kukuandikisha uongo. Mimi uliniandikisha. Na waliokaribia kuangamia kwa uongo wangu ni watu walionitendea wema, tena watu ambao sikutegemea.

Naitwa Paskalia, ila wengi wananiita Mama Limi. Mwaka 1953 mume wangu Maduhu alikuwa mchimbaji chini ya ardhi kwenye mgodi wa dhahabu wa Ihanga, upande wa Geita. Tulikaa laini, zile nyumba za bati za wafanyakazi zilizopangwa kama meno. Juu kilimani kulikuwa na kota za Wazungu, nyumba ishirini na nne, kila moja na maua yake. Mimi nilifua nguo kwenye nyumba ya mpimaji wa mgodi, Bwana Hallam. Mke wake, Bibi Hallam, alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na Kiswahili chake kilikwenda kwa kuchechemea, lakini kilifika.

Limi alikuwa na miaka sita. Nilikwenda naye kazini kwa sababu sikupenda kumwacha laini. Eufrasia, jirani yangu, alikuwa ananicheka.

"Mama Limi, huyo mtoto utamfunga kamba kama mbuzi?"

"Bora kamba kuliko shimo," nikamjibu. Kule Ihanga mashimo ya zamani yalikuwa kila mahali, na mimi kila usiku niliota mashimo. Nyoka sikuwahi kumuota.

Basi asubuhi moja, kama saa nne hivi, nilikuwa naanika mashuka. Limi aliingiza mkono chini ya karai la kufulia kutafuta kibanio kilichoanguka. Nikasikia "Mayu!", yaani mama kwa Kisukuma, mara moja tu. Nyoka, kifutu, alikuwa amejikunja pale kwenye ubaridi. Alimuuma kidole cha kati, akaondoka zake polepole, kama mtu aliyemaliza kazi.

Bibi Hallam hakuwepo, alikuwa kwa jirani. Nilimbeba mwanangu nikateremka mbio mpaka zahanati ya wafanyakazi. Dresa, mfunga vidonda wa pale, alikuwa Donatus, kijana wa Kizinza, mpole. Aliutazama mkono, ambao ulikuwa umeshaanza kuvimba mpaka kwenye kiwiko, akaufunga kwenye kipande cha ubao usitikisike.

"Mama Limi, dawa ya sumu ipo. Inatoka Johannesburg. Lakini iko juu, hospitali ya Wazungu, kwenye friji la Sista. Mimi sina ruhusa ya kuigusa."

"Basi twende tukaombe."

"Twende," akasema, akamchukua mtoto mabegani kwake, tukapanda kilima tunahema.

Sista, muuguzi mkuu wa Kizungu, alikuwa mwanamke wa makamo, mweupe kama kofia yake. Alitukuta barazani. Donatus akasema naye kwa Kiingereza. Sista akatikisa kichwa. Donatus akasema tena, Sista akatikisa tena, ila safari hii alikuwa anatazama viatu vyake.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema dawa zimebaki mbili tu, na zimewekwa kwa ajili ya Wazungu. Ndiyo amri. Mpaka Meneja aandike kibali. Na Meneja yuko Mwanza, atarudi kesho."

Limi alikuwa ameanza kutapika. Kesho! Mtoto anayetapika hana kesho.

Sasa hapa nieleze, maana wasio Wasukuma hawatanielewa. Kwetu mtu akipatwa na jambo kubwa, moto, simba, wezi wa ng'ombe, hupiga yowe la msaada tunaloliita mwano. Si kelele tu. Lina namna yake, linaanzia kifuani na kupanda. Na mwano una sheria: kila anayeusikia lazima atoke, hata kama anakula, hata kama waligombana jana. Anayejifungia ndani, kesho wanakijiji wanamtoza faini, na asipolipa anatengwa, hapewi hata moto wa kuwashia jiko. Na anayepiga mwano bure, bila jambo, naye anatozwa vilevile.

Mimi nilisahau niko wapi. Niliona nyumba, nikaona kwamba ndani kuna watu, na mtoto wangu anakufa. Nikasimama kwenye ngazi za hospitali ya Wazungu nikapiga mwano.

Jamani. Hakuna aliyewahi kusikia kitu kile kule juu. Wapishi na watunza bustani walitoka mbio, kila mmoja na rungu lake, Bujiku mpishi wa Bibi Hallam mbele na kisu cha nyama mkononi. Na ule mwaka ulikuwa mwaka wa habari za Mau Mau kutoka Kenya, Wazungu walikuwa wanalala na macho wazi. Waliposikia yowe na kuona Waafrika wanakimbia na marungu, milango ikafungwa pa, pa, pa, kama mvua ya mawe kwenye bati. Bwana Fourie, Kaburu fundi mitambo, mtu mkubwa kama tembo, akatoka na bunduki. Akaielekeza kwetu, kwa Donatus aliyekuwa amembeba mwanangu.

Nikaukatisha mwano. Nikasema, Paskalia, umemuua mtoto wako kwa mdomo wako.

Nyuma yake akaja mkewe, Bibi Fourie, unga wa mkate mikononi. Alishika mtutu wa bunduki akauelekeza chini, kama unavyomshusha mbwa anayekurukia. Kisha akatembea mpaka kwetu, akautazama mkono wa Limi.

Bibi Hallam naye akafika anakimbia, miwani imekaa upande. "Nini? Nani nalia?"

Bujiku akamweleza, kisu bado mkononi. "Huyu ni mtoto wa Mama Limi, Bibi, ameumwa na nyoka. Dawa ipo ndani, wanamnyima. Mama amepiga mwano. Kwetu mwano ukilia, kila anayesikia anatoka. Asiyetoka ni mbaya, anafanana na mchawi."

Bibi Hallam aligeuka akaangalia zile nyumba zilizofungwa. Aliziangalia moja moja, taratibu.

"Mimi nasikia," akasema. "Mimi natoka."

Waliingia ndani yeye na Bibi Fourie, na wanawake wengine wawili walioona mambo kupitia madirisha wakaja. Sikuona yote. Donatus aliniambia baadaye kuwa Bibi Hallam alikalia kiti mbele ya friji, Bibi Fourie akasimama mlangoni mikono kiunoni, na Bibi Hallam akasema: "Sista, fungua. Andika jina langu kwenye daftari lako, ukiulizwa, sema ni mimi." Sista aliwatazama, akatoa ufunguo, na Donatus anasema uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Limi akapona. Kidole kiliharibika, wakakikata. Lakini mtoto ni huyu hapa leo, anajua kushona na kujibu watu wazima.

Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kuwaonya.

Wiki iliyofuata, napiga pasi, Bibi Hallam akaniambia, "Mama Limi, hii sheria ya friji lazima itoke."

Nikafurahi. Nikamwambia, "Bibi, nitawakusanya kina mama wa laini. Tutakuja wote kumwomba Meneja, tutapiga magoti."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Ninyi mkitaka kusema yenu, mseme. Lakini mtu ameandika hii sheria ni jirani yangu. Anakula keki yangu Jumapili. Huu uchafu wa nyumba yangu. Kama wewe napiga magoti kuomba, mimi nafanya nini? Naangalia?"

Sikuwa nimewahi kusikia Mzungu anasema hivyo. Nilidhani ni maneno ya siku moja. Kumbe walianza kweli. Wale wanawake wanne walikutana barazani kwa Bibi Hallam, na mimi nilipeleka chai, na Bujiku alikuwa anasikiliza dirishani na kunitafsiria jikoni. Waligawana nyumba. Huyu aende nyumba hizi sita, yule zile sita. Hawakwenda kupigana. Walikwenda kukaa kwenye viti vya wenzao, kunywa chai yao, na kuuliza, "Siku ile, ulisikia yule mama analia? Mbona ulifunga mlango?"

Bujiku alicheka mpaka machozi. "Mama Limi, wanatoza faini! Wazungu wanatozana faini ya mwano!"

Na ilikuwa karibu hivyo. Nyumba iliyosema sheria ibaki, wale wanawake waliacha kwenda kucheza karata hapo. Kwenye sherehe ya mwezi ule ya klabu ya Wazungu hawakuoka keki hata moja. Hawakupika, hawakupamba, hawakucheza dansi. Wanaume walikaa na bia zao kama yatima.

Aliyenishangaza ni Bibi Fourie. Bibi Hallam alikuwa msomi, watu wa klabu walimwambia ana kichwa cha vitabu, haijui Afrika. Lakini Bibi Fourie alizaliwa shambani huko kusini, hakuna aliyethubutu kumwambia haijui Afrika. Siku moja alinikuta kwenye kamba ya nguo akaniambia wazi, kwa Kiswahili kizuri kuliko cha wote:

"Sikiliza, Mama Limi. Mimi sikusema tukae meza moja. Sijafika huko. Lakini mume wangu alimwelekezea bunduki mtoto. Usiku silali."

Nikamwambia, "Bibi, hata mimi silali."

"Basi tuna jambo moja linalofanana," akasema, akaondoka. Jumamosi yake alimleta mumewe mpaka laini. Lile jibaba lilisimama mlangoni kwetu, kofia mkononi, likamwambia Maduhu, "Pole kwa bunduki." Maduhu akamkaribisha ugali. Bwana Fourie akala, tena akaongeza. Nadhani hata yeye hakuwa amefika huko, ila tumbo lilimtangulia.

Wale wanne wakawa saba. Saba wakawa kumi na mmoja, na waume watatu. Na walilipia, msidhani. Maua ya Bibi Hallam yalikatwa yote na mtu asiyejulikana. Kuna barua isiyo na jina iliyosukumwa chini ya mlango, akaisoma, akaikunja, akaitumia kuwashia jiko mbele yangu. Bwana Hallam hakuitwa tena kwenye tenisi. Mwanamke mmoja kati ya wale saba, watoto wake walikaa peke yao shuleni, hakuna aliyecheza nao. Nilipoona hayo nilisema moyoni, hawa wana nini cha kupata hapa? Hawapati kitu. Wanapoteza.

Sasa lije langu.

Siku moja karani wa ofisi alikuja laini, akaniita kwa Meneja. Maduhu alikuwa chini ya ardhi. Meneja aliongea nami kwa upole, na Kiswahili chake kilikuwa safi, alikaa pwani miaka mingi.

"Mama Limi, mtoto hajambo?"

"Hajambo, Bwana."

"Tunashukuru Mungu. Lakini unajua, ulifanya fujo kule juu. Watu nusura wapigwe risasi. Polisi wakisikia, watauliza nani aliwachochea watu watoke na marungu. Mimi sitaki wakusumbue. Na mumeo ni mchimbaji mzuri, nyumba mnayo, chakula mnapata. Weka sahihi hapa tu, yaishe."

Mama wenzangu, mtu asiyejua kusoma angeweza kusema alidanganywa. Mimi masista wa misheni walinifundisha mpaka darasa la nne. Karatasi iliandikwa Kiswahili. Nilisoma neno kwa neno. Ilisema kwamba mimi Paskalia nilipiga kelele bila sababu kwenye kota za Wazungu. Kwamba mwanangu alipokelewa vizuri hospitali mara tulipofika. Kwamba hakuna aliyetukatalia dawa.

Niliona polisi. Niliona Maduhu amefungwa. Niliona vyombo vyetu nje ya nyumba na mvua inanyesha. Nikaandika jina langu, tena kwa mwandiko mzuri ule wa masista. Nikatoka, na njiani nilijiambia: Paskalia, umeokoa nyumba yako. Ni karatasi tu. Wazungu kwa Wazungu watajuana.

Sikumwambia Maduhu. Sikumwambia mtu.

Jumapili wale wanawake walipeleka shauri lao kwenye mkutano wa klabu, ambako Wazungu wote wa mgodi hukaa na kuamua kwa kura mambo ya kota na hospitali yao. Waliomba mambo mawili: dawa ya hatari apewe yeyote aliye hatarini, na dresa awe na ufunguo wake. Meneja akasimama, akawaachia waseme mpaka mwisho. Kisha akatoa karatasi yangu akaisoma. Bujiku alikuwa pale anagawa vinywaji. Anasema Wazungu walicheka. Mmoja alisema, "Hata huyo mwanamke mwenyewe amewaruka!" Wakaahirisha kura mpaka Jumapili ijayo, ili watu wafikiri, na kabla ya jua kuzama, wanne kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wamejitoa.

Jumatatu nilifika kazini, Bibi Hallam alikuwa mezani. Hakunisalimu kama siku zote.

"Mama Limi. Ile jina ni mkono yako?"

Nikaangalia sakafu. "Ndiyo, Bibi."

Nilisubiri anifukuze. Akasema, "Wewe iko na mume, na nyumba ya kampuni. Mimi sikasiriki." Akavaa kofia yake akatoka, kwenda tena kwenye zile nyumba. Nilimwona kupitia dirisha. Mlango wa kwanza ulifungwa usoni pake. Akasimama kidogo, akaenda wa pili.

Angenitukana ningepona. Lakini alivyosema vile, sikula siku mbili.

Habari ilishafika laini. Eufrasia alinikuta kisimani.

"Heee, Mama Limi! Umepata Wazungu wako wa kukupigania, halafu umewauza kwa bei ya nyumba ya bati."

"Eufrasia, wewe hujui."

"Najua kusoma uso. Teka maji, mama, teka. Maji hayana aibu."

Nikamwambia Maduhu yote, asubuhi, kabla hajaenda zamu. Alikuwa anafunga viatu. Aliacha kamba moja haijafungwa.

"Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Nilidhani hukusoma."

"Nilikuogopea wewe, Baba Limi. Na nyumba. Na mtoto."

Akakaa. Mtu wangu si mwepesi wa maneno, anatoa moja moja kama mtu anayetoa mawe shimoni. "Nikuulize. Kwetu, mtu akipiga mwano, watu wakatoka, wengine wakaumia. Kesho yake akasema, sikupiga kwa jambo lolote, ninyi mlikimbilia nini? Huyo tunamwitaje?"

Alijua najua. Huyo ndiye anayetozwa. Huyo siku nyingine hata nyumba yake ikiungua, watu wanageuka upande wa pili na kulala. Mimi nilikuwa nimelichukua lile yowe langu, lililomwokoa mwanangu, nikalifanya la bure. Na wale waliotoka nikawafanya wapumbavu mbele ya kabila lao.

"Watakufukuza kazi," nikasema.

"Labda. Mikono ninayo. Pamba inalimwa kila mahali." Akafunga kamba ya kiatu. "Ila mimi sitakuambia uende. Jina ni lako."

Nilihesabu siku mpaka Jumapili, na kila siku niliamua kwenda na kila siku niliamua kutokwenda. Siwadanganyi kwamba nilikuwa shujaa. Jumapili mchana nilipika, nikaosha vyombo, nikavaa khanga yangu ya misa, nikamwacha Limi kwa Eufrasia.

"Unakwenda wapi?" Eufrasia akauliza.

"Kutapika nilichokula."

Akanitazama, akachukua mkono wa Limi, ule wenye vidole vinne. "Nenda. Huyu atakula hapa."

Bujiku alinipitisha mlango wa jikoni wa klabu. Aliniwekea trei mikononi ili nisizuiwe. Nikaingia ukumbini na glasi sita zinagongana kama meno yangu. Meneja alikuwa amesimama mbele. Bibi Hallam na wenzake sita wamekaa pamoja, na viti vilivyowazunguka vilikuwa vitupu, kama watu wenye ndui. Na Sista alikuwa amekaa nyuma kabisa, peke yake.

Nikaweka trei sakafuni. Nikasema, "Bwana, naomba kusema."

Ukumbi wote ukageuka. Mtu akasema kitu kwa Kiingereza, wengine wakacheka. Bibi Fourie akasimama ili atafsiri, Meneja akamwinulia mkono.

"Hapana. Mtayageuza maneno yake. Mimi najua Kiswahili kuliko ninyi nyote, nitatafsiri mwenyewe." Akanigeukia. "Mama Limi, hii si sahihi yako?"

"Ni yangu, Bwana."

Akawaambia kwa Kiingereza. Wakaitikia kwa vichwa.

"Ulilazimishwa? Nilikupiga?"

"Hapana, Bwana. Hukunipiga."

"Hukuisoma?"

"Nilisoma yote. Nikaelewa. Nikaandika jina langu. Na yote ni uongo, Bwana, niliyatia sahihi kwa sababu nilikuogopa. Hata sasa nakuogopa. Mtoto wangu alinyimwa dawa. Nilipiga mwano kwa sababu alikuwa anakufa. Hawa mama walitoka kwa sababu yangu, na mimi nimewaita waongo, ndiyo maana nimekuja kwenye nyumba isiyo yangu kusema kwamba mwongo ni mimi."

Hakutafsiri. Alisimama na karatasi mkononi. Ukumbi ulisubiri. Bibi Fourie akasema, "Haya, Bwana. Tafsiri, wewe unayejua kuliko sote."

Sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa ya Sista. Kiswahili alikijua kidogo cha wagonjwa, lakini alinielewa. Alisimama akawaambia kwa Kiingereza, taratibu, na Bujiku akaninong'oneza sikioni: "Anasema ni kweli. Anasema ni yeye aliyekataa. Anasema alifuata amri na hataki kuifuata tena."

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Sikuthubutu kuhesabu. Nilimwona tu Bwana Fourie, mkono wake ulipanda polepole kama chuma kizito kinachoinuliwa na mnyororo, halafu ukabaki juu. Sheria ilitoka kwa kura chache, lakini ilitoka. Wiki ileile Donatus alipewa ufunguo, na kabla mwaka haujaisha wachimbaji wawili wa Kinyamwezi na mtoto mmoja wa Kizungu walichomwa dawa kutoka friji lile, kwa mkono wa Donatus.

Maduhu naye akaambiwa kazi imepungua. Yeye peke yake alikuwa amepungukiwa na kazi, mgodi mzima. Tulikuwa tumejiandaa. Tulipata shamba upande wa Kagongwa kwa shemeji yake, na huko ndiko tuliko mpaka leo, na pamba inatulisha kwa kadiri yake. Bado naogopa. Naogopa mvua, naogopa homa, naogopa Limi akichelewa kisimani. Lakini karatasi siziogopi tena. Nawaambieni, mama wenzangu, na hasa ninyi mnaojua kusoma: mkono ukiandika uongo ili kufunika watoto, blanketi hilo ni fupi. Na mtu akiitikia mwano wako, awe wa rangi yoyote, usimruke. Nawaombea wale wanawake kila Jumapili, nawataja kwa majina pamoja na ndugu zangu waliokufa, na sioni haya.

Siku tuliyohama, lori lilisimama laini, na wale wanawake walishuka kutoka kilimani. Walikuwa watano. Laini nzima ilitoka kutazama. Walibeba vyungu vyetu, walibeba mbao za kitanda, na Eufrasia akawa anawaamrisha kama wafanyakazi wake: "Hapo si hapo, Bibi, kitavunjika, lete huku!" Nao wakaleta huku.

Bibi Hallam alisimama kando ya lori, mkono kwenye ubavu wa gari.

"Sisi nashinda," akasema, "na wewe ndiyo nahama. Hii si haki."

"Si haki, Bibi," nikamwambia. "Wabeja. Asante kwa mtoto wangu. Lakini si haki. Ninyi bado mnakaa hapa, endeleeni."

Akaitikia kwa kichwa. Dereva akawasha gari. Nilitafuta kwa macho Bibi Fourie ili nimpungie mkono, sikumwona kati ya wenzake. Alikuwa ameshaanza kupanda kilima peke yake, sketi ameikunja mkononi kwa sababu ya vumbi, akielekea moja kwa moja kwenye nyumba ya mhasibu wa mgodi, ambaye, alivyoniambia Bujiku, siku ile ya kura hakunyoosha mkono.